Neno Moja la Msalaba wa Brigid

Acocks Green, Birmingham
9 Machi 2025

Kwa Wawuda, mdogo wangu,

Nina miaka themanini na moja. Nimezika kaka watatu, maaskofu wawili, daktari aliyeniambia sitafika sitini, na reli ya Taveta yenyewe, ambayo walioijenga walisema itatuzika sisi. Reli imeota nyasi, mimi bado nanyolewa ndevu kila Ijumaa. Naanza hivyo, dada, ili ujue unayemwandikia barua za kumwamrisha ni nani.

Hamjambo huko? Ng'ombe amezaa? Sisi hatujambo. Mwanangu Peninah bado ni nesi katika ile hospitali kubwa karibu na Harborne. Anarudi miguu imevimba, halafu ananiuliza mimi kama nimekunywa dawa. Kendi mjukuu wangu ana miaka kumi na tano. Nikimsalimu kwa Kiswahili ananijibu Kiingereza, nikimkaripia anasema, "Wateva, Babu." Nilimuuliza mama yake wateva ni nini, akasema ni kama shikamoo. Sikumwamini.

Naandika kwa kalamu kwa sababu simu ni ya Peninah, na Peninah ana masikio. Niliishia darasa la tatu, mwandiko wangu unapinda, lakini stesheni masta alikuwa akisoma ripoti zangu bila miwani.

Mji huu nimeshaumaliza. Nilipanda basi peke yangu mpaka Washwood Heath, wanakojenga karakana ya treni ya kasi. Nikasimama kwenye ua, nikamwambia askari wa getini kwamba nimekaa relini miaka thelathini na minne, Maktau, Mwatate na Voi, nikishika bendera, na sijawahi kuachia treni mbili zikutane. Akasema, "Lavli," akaendelea kunywa chai yake. Hata hapa kwetu Acocks Green pana stesheni. Treni inaondoka bila bendera, mlango unalia pi pi pi kama kifaranga, basi. Watu hawaagani. Kila mmoja macho kwenye simu. Nimewadharau.

Lakini ninayemdharau zaidi ni Mturuki.

Sisi tunakaa ghorofa ya juu, chini kuna kinyozi anaitwa Dursun. Mtu wa miaka hamsini na kitu, kifua kama gunia la chumvi. Ukutani, katikati ya vioo, ametundika zeze lenye shingo ndefu na tumbo kama nusu ya kibuyu. Wateja wakikatika mchana analishusha, anakaa kwenye kiti cha kunyolea, anaimba. Niseme ni kuimba? Anaivuta sauti bila ngoma, kama tulivyokuwa tukiitana kutoka ng'ambo ya bonde kuuliza mbuzi ameonekana, halafu sauti inashuka, inavunjika, na zeze linaokota vipande. Sakafu yetu inatetemeka.

Kituruki nimekielewa kwa wiki moja. Ni Kiswahili kilichokosewa. Chai wanaita chai. Sabuni wanaita sabun. Dunia, saa, kalamu, kitabu, habari, salamu, vyote wanavyo, wamevikata mikia tu. Sasa neno analolirudia katika kila wimbo ni hasara. Anasema hasret, hasret, na hilo nalo kalikata mkia, lakini nimelitambua. Mwanamume mzima mwenye duka analia hasara mchana kweupe! Nani atakwenda kunyolewa na mtu aliyefilisika? Siku moja nitashuka nimfundishe.

Juu ya lile uliloniuliza mara tatu, maneno ya kuandika kwenye msalaba wa mke wangu Brigid: jina na tarehe zinatosha. Alizaliwa, akafa. Mengine ni mapambo. Na kuja siwezi. Niliwaambia wakati wa mazishi, paspoti yangu iko serikalini huku wanaiangalia. Msinisumbue.

Kaka yako,
Solomon Mwang'ondi


Werugha, Taita
6 Aprili 2025

Kwa kaka Solomon, mwenye miaka themanini na moja kama ulivyotutangazia,

Shikamoo. Sisi wazima. Ng'ombe amezaa dume, nimekasirika naye. Mvua imeanza vizuri, mahindi yamefika magotini. Goti langu la kushoto limekataa kanisa, mlima ule siupandi tena ila kwa gari la mtu.

Barua yako imefika na karatasi nne. Nimehesabu. Kinyozi amepata karatasi nzima. Askari wa getini amepata mistari minne na kikombe cha chai. Brigid, uliyekaa naye miaka hamsini na mbili, amepata "alizaliwa, akafa." Hata ng'ombe wangu ungemwandikia zaidi.

Sasa nisikilize, maana mimi ndiye ninayekaa nao hawa watu. Msalaba utazinduliwa Jumamosi tarehe 16 Agosti, mwaka mmoja tangu mazishi. Fundi Kimani ameshamwaga msingi. Juzi shemeji yako Righa alikuja hapa na wadogo zake wawili, wakakaa, hawakutaka hata chai. Righa akasema: "Mume hakuja kuzika. Mume hatoi neno la kuweka kaburini. Huyo kamwacha dada yetu akiwa mchangani." Wanasema kama hakuna neno kutoka kwako watamwandika binti wa Mwandoe baba yao, binti wa kwao, na jina la Mwang'ondi halitakuwepo popote. Atalala katika shamba lako kama mgeni aliyekufa njiani.

Nikawaambia kaka yangu ataandika. Nimesema uongo kwa ajili yako, katika umri huu, na Kwaresima.

Si lazima uje. Neno moja tu, Solomon. Unayajua maneno mengi ya kujisifu. Tafuta moja la mwenzako.

Na huyo Mturuki muulize vizuri. Sijawahi kusikia mtu anayeimba hasara ya duka. Duka likianguka watu hunyamaza.

Mdogo wako,
Wawuda


Acocks Green
11 Mei 2025

Kwa Wawuda,

Nimepata barua yako. Pole kwa goti. Mimi magoti yangu yote mawili yanafanya kazi, na ngazi za hapa ni ishirini na mbili. Peninah hajambo. Kendi amepaka kucha rangi nyeusi, nikamuuliza nani amekufa.

Nilishuka kwa Mturuki, kama nilivyosema. Sikumuogopa. Nikakaa kwenye kiti, akanipaka povu. Ananiita amja. Kwao ndiyo ami, ndugu wa baba. Kiingereza chake kimevunjika mguu kama changu, kwa hiyo tunaelewana kuliko mimi na Peninah. Nikasubiri amalize shavu moja, nikamuuliza:

"Hasara ya nini? Wateja wamepungua?"

"Hasret," akasema.

"Ndiyo, hasara, nimesikia. Ya nini?"

"Ya mama."

"Mama yako amekutia hasara?"

Akauweka wembe chini. Akanitazama kwenye kioo kama mtu anayetafuta mahali pa kunipiga, halafu akacheka mpaka akashika ukuta. Kumbe neno lao ni jingine. Akanieleza hivi: hasara, kitu kimeisha, umefunga mlango. Hasret, kitu hakijaisha, ila huna. Mtu yupo pale, wewe upo huku, katikati pana mlima. Au hayupo tena, lakini moyo haujaambiwa. Nikamwambia huo ni ubadhirifu, maneno mawili kwa kazi moja.

Basi alivyoona nimeuliza akashusha zeze, nikiwa na povu usoni, akanieleza nyimbo za kwao. Kijiji chake kiko mbali huko Uturuki, karibu na mji wa Sivas, mlima mtupu na theluji. Vijana wanaoa leo, mwezi ujao wanakwenda kutafuta kazi mijini au kwa Wajerumani, na huko ugenini wanakuita gurbet. Nikajua ni magharibi, yaani huku tuliko. Mwanamke anabaki. Anawauliza korongo wanaopita angani kama wamemwona mumewe. Korongo! Ndege asiyejua hata jina la stesheni. Mwanamume naye huko aliko anauomba mlima ulale chini ili aone kwao. Nikamwambia, "Kwetu kuna mlima Vuria, umesimama tangu dunia kuumbwa, na hajatokea mpumbavu wa kuuambia ulale."

Lililoniudhi kabisa ni treni. Wana nyimbo za kuilaumu treni! Ati treni nyeusi isiyo na huruma, ilimchukua mtu wangu, sasa inachelewa kumrudisha. Hapo nikavua taulo. Nikamwambia, "Wewe sikiliza. Mimi ndiye nilikuwa nainua bendera. Miaka thelathini na minne nimeona wanawake wakilia Voi, wakishika dirisha, wakikimbia na behewa, na sikutoa chozi hata moja, maana nilijua. Treni haimchukui mtu. Mtu anapanda mwenyewe. Kama unamtaka mama yako, ndege za kwenu zipo kila siku, panda!"

Akasema mama amekufa mwaka wa kumi na moja huu. Hakumzika. Duka lilikuwa jipya.

"Basi nyamaza," nikamwambia, "maana ulichagua duka."

Hakukasirika. Akanipangusa povu sikioni polepole, akasema, "Na wewe, amja? Ndege ya Nairobi imeharibika?"

Mtoto wa juzi! Sijui nani amemwambia. Nikasimama, nikatoka na ndevu za upande mmoja. Nikapita mbele ya Ranvir wa duka la magazeti, akaniuliza kama ni mtindo mpya. Siku nne nimekaa hivyo, nusu mzee nusu kijana, kuliko kurudi kwa yule. Kendi amenipiga picha na kuwapelekea rafiki zake. Mwishowe Peninah akanimalizia kwa mkasi wa jikoni.

Waambie akina Righa hawanitishi. Wakati Brigid yuko hai nimekaa huku karibu miaka miwili na hakuniletea neno hata moja. Kwenye simu alikuwa anazungumza na Peninah tu, mimi nampa mgongo, yeye ananipa mgongo. Siku ninaondoka aliniuliza habari ya kuku. Kuku! Mume anapanda gari kwenda Ulaya, mke anauliza kuku. Sasa mnataka mimi ndiye nitunge maneno.

Jina na tarehe. Paspoti bado iko serikalini.

Solomon


Werugha
8 Juni 2025

Kaka,

Shikamoo. Hatujambo. Ndama dume nimemuuza moyoni, bado kumpata mnunuzi.

Habari ya paspoti sitakuuliza tena. Peninah alinipigia simu wiki ya mazishi, mwaka jana. Alikuwa anataka kujua kama shati lako jeupe liko huku, kwa sababu alikuwa anakupangia sanduku. Unaona nilivyonyamaza? Mwaka mzima sikusema. Na sasa sisemi. Naendelea na mengine.

Nataka kukuambia habari ya kuku, kwa kuwa wewe mwenyewe umeileta.

Siku ile unaondoka, mimi nilikuwepo jikoni. Brigid alisimama mlangoni akakuuliza, "Umefunga banda la kuku?" Ukajibu, "Nimefunga," bila kugeuka, sanduku begani, shingo imenyooka kama unakwenda kuapishwa. Hukuwa umefunga. Asubuhi nguchiro alikuwa amekula kuku watano, manyoya mpaka kisimani. Nilikuja kumsaidia kufagia. Nikashika mlango wa banda ili niufunge, akanipiga mkono. Akasema, "Acha. Alisema amefunga. Atakuja kufunga mwenyewe."

Tangu siku hiyo hakufuga kuku tena. Mlango umekaa wazi. Mvua imeingia, upepo umeubamiza, bawaba moja imekatika. Watoto wa jirani wakitaka kuufunga aliwafukuza kwa ufagio. Mimi mwenyewe nilimwita kichaa, nikamwambia, "Wifi, mume akitaka kurudi atarudi, banda likiwa wazi au limefungwa." Akanijibu, "Sijasema habari ya mume. Nasema habari ya banda."

Wiki aliyolazwa, kabla hatujamtoa nyumbani, alinishika mkono akaniambia mlango usiguswe. Haujaguswa.

Hukuletewa neno, unasema. Lilikuwepo miaka yote, linabamizwa na upepo. Wewe ulitaka lije kwa posta.

Kimani anasema simenti ya kuandikia ataimwaga wiki ya kwanza ya Agosti. Ikikauka imekauka. Barua zinachukua wiki tatu, hesabu mwenyewe.

Wawuda


Acocks Green
12 Julai 2025

Wawuda,

Hatujambo.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi imekunjwa mara nne na kubandikwa gundi. Mpe Kimani mkononi. Usifungue. Najua unavyopenda kusahihisha mwandiko wangu tangu utotoni, na safari hii nakuomba, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu naandika neno nakuomba, usifungue. Ni neno moja. Liandikwe chini ya jina lake, na chini ya neno hilo jina langu.

Kwa Dursun nimerudi. Si kwa ajili ya kuomba radhi. Ndevu zilikuwa zimeota.

Solomon


Werugha
18 Agosti 2025

Solomon,

Salamu sina.

Sikufungua. Nataka ujue hilo kwanza. Nilikuheshimu. Karatasi niliiweka ndani ya Biblia, nikampa Kimani mkononi, akamwaga simenti, akaandika, akafunika kwa kitambaa cheupe. Hata mimi sikuchungulia.

Jumamosi watu wamejaa. Kwaya imevaa sare. Nimechinja yule ndama. Akina Righa wamesimama mbele na suti, nikawaambia kwa majivuno, "Neno limekuja kutoka Birmingham." Righa mwenyewe akalainika, akasema kumbe mzee ni mtu. Kasisi akaomba, akavuta kitambaa, akasoma kwa sauti kubwa kabla hajafikiri:

"Brigid Wakesho. Hasara. Solomon Mwang'ondi."

Solomon! Kwaya ilikuwa imefungua midomo kuimba, ikabaki hivyo. Mtu mmoja nyuma akacheka, akakohoa ili kuficha. Mke wa mtu kuandikwa hasara, kwa herufi za kiganja kizima, juu ya kichwa chake! Righa aliuliza mara mbili, "Amesema dada yangu ni hasara?" Halafu akaenda kutafuta nyundo. Wanaume wanne walimshika. Nyama haikuliwa. Mimi nimelala siku mbili goti likiwaka, na moyo zaidi.

Nilimwita Kimani. Ananiambia, bila aibu, kwamba karatasi haikuandikwa hivyo hasa. Anasema, "Mama, mzee alikuwa amekosea. Aliandika kitu nusunusu, HASRET, nikajua ni mzee, hakusoma sana, anataka kusema kifo hiki ni hasara kwetu. Nikamrekebishia." Anataka ashukuriwe.

Nimesoma tena barua zako zote. Nadhani nimeanza kuelewa. Lakini mimi kuelewa hakutoshi. Mimi siwezi kusimama mbele ya Righa nikamwambia ni neno la kinyozi. Amesema Jumapili tarehe 28 Septemba wanakuja na mafundi wao. Watavunja msalaba, na wanataka kumhamisha Brigid kwao.

Karatasi yako nyingine siitaki. Karatasi zako zimetutosha.

Wawuda


Acocks Green
7 Septemba 2025

Kwa Wawuda, mdogo wangu,

Sisi hatujambo. Peninah anakusalimu. Kendi pia, alisema "hai Bibi," nami nimeamua kumkubalia.

Barua yako Peninah alinikuta nayo mezani. Nilikuwa sina miwani, au tuseme nilikuwa nayo na haikusaidia. Nikampa asome. Mwanangu akasoma mpaka mwisho. Akaenda chumbani kwangu, akafungua droo ya soksi, akatoa paspoti, akaiweka juu ya barua yako.

Basi. Ilikuwa humo. Haijawahi kwenda serikalini hata siku moja. Mwaka jana tiketi ilikatwa, shati jeupe lilipigwa pasi, gari lilikuja. Nilikaa kitandani nikamwambia Peninah kifua kinabana. Kifua hakikubana. Nilikuwa nafikiria nitakavyofika pale kwenye uwanja wa nyumba yetu watu wote wamesimama, na mimi ndiye wanayemtazama. Miaka yote mimi ndiye nilikuwa nawatazama wenzangu wakilia na kuwadharau. Kazi ya bendera naijua. Ya kusimama upande ule mwingine sikufundishwa, na nikaona aibu kujifunza mbele ya Righa. Hiyo ndiyo sababu. Ni sababu ya kipumbavu, na ni ya kwangu.

Kimani mwambie ni punda. Neno lilikuwa zima. Dursun aliliandika kwa kalamu yake ya kuandikia bei kwenye kioo, nikaliiga herufi kwa herufi, mara saba, ya saba ndiyo nilituma. Nilimwambia Dursun nataka neno la mtu ambaye hayupo lakini moyo haujaambiwa. Akasema unalijua tayari, amja, ndilo ulilotoka nalo dukani na ndevu nusu.

Leo nilishuka nikamwambia yaliyotokea. Nilidhani atacheka. Alicheka kweli, halafu akakaa kwenye kiti chake akapangusa macho kwa taulo la mteja. Akasema, "Kwetu maneno mawili, kwenu limekuwa moja. Labda kaburi linajua." Nikamwambia asinifanyie falsafa, anyoe. Akaninyoa pande zote mbili. Halafu akaimba, na mimi nikabaki kwenye kiti. Bado nasema anavuta mno. Ule wa treni nilimwambia aubadilishe, aseme mtu alipanda mwenyewe. Akasema hautafuatana na zeze. Nikamwambia zeze litajua lenyewe.

Sasa sikia. Nimekatiwa tiketi. Naondoka tarehe 17. Posta yenu naijua, huenda nikafika kabla ya barua hii. Ikiwa hivyo, utaisoma mimi nimekaa mbele yako, na usininyanyulie macho mpaka umalize.

Hiyo tarehe 28 Righa aje na mafundi wake na nyundo zake. Nitasimama kaburini, bila bendera, na nitasema mbele ya watu maana ya neno, na nitasema habari ya paspoti, mwenyewe, kwa sauti. Watacheka, nao wana haki ya kucheka. Baada ya hapo akitaka kuvunja avunje. Lakini kama ananisikiliza, nitamwomba aliache kama Kimani alivyoliharibu. Nililituma hasret, limekauka hasara. Nimelitazama huku na huku na sioni lililo uongo. Kwa Kituruki ni yeye. Kwa Kiswahili ni mimi.

Banda msiliguse. Mwambie mtu aniwekee tayari bawaba mpya moja na misumari ya nusu inchi. Nyundo atakuja nayo Righa.

Haya yote niliyoandika si majivuno. Habari ya ndevu, muulizeni Ranvir wa duka la magazeti, aliniona nikipita. Habari ya neno, muulizeni Dursun kinyozi, ndiye aliyeliandika kwa mkono wake. Habari ya paspoti, muulizeni Peninah. Habari ya banda la kuku, kwamba nilisema nimefunga na sikufunga, kuna wewe uliyekuwa jikoni, na kuna aliyekuwa amesimama mlangoni.

Kaka yako,
Solomon Mwang'ondi, mume wa Brigid